Funguo mbili hazitoshi

Kuna ujumbe unazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga, umeandikwa kwa kujiamini ajabu. Nunueni vifaa vitatu vya kutunzia funguo za bitkoini, wekeni pochi ya sahihi mbili kati ya tatu, kila mmoja atunze maneno yake 24 ya kurejeshea ufunguo. Kimoja kikipotea hakuna neno, viwili vinatosha, raha mustarehe. Watu wameupigia dole gumba kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone. Na si kweli. Aliyeuandika huenda alikuwa na nia njema, ila bitkoini ikishakwama, nia njema haiikwamui.

Kinachowachanganya nakijua. Tumezoea sanduku la kikoba: kufuli tatu, washika funguo watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Funguo zikipotea zote, fundi anakuja na msumeno, pesa mnazikuta palepale. Pochi ya sahihi nyingi haina sanduku la kukata. Ile anwani inayoanza na bc1q, ndefu mpaka herufi 62 wakati ya mtu mmoja ni 42, ni hashi tu ya masharti, kama alama ya kidole chake. Masharti yenyewe yanasema: funguo za umma (zile za kuonyeshwa, zisizotia sahihi) ni hizi tatu, sahihi za wawili zikitimia, pesa itoke. Siku ya kutoa, mtandao unataka kuyaona masharti hayo kamili uyalinganishe na hashi. Sahihi mbili, sawa. Lakini funguo za umma ni zote tatu.

Sasa kifaa cha tatu kimezama na boti na karatasi yake ya maneno imekwenda na maji. Mnabaki na maneno ya vifaa viwili, ambayo yanawapa funguo mbili za umma. Ya tatu mtaitoa wapi? Haikisiwi, hata mkienda kwa mganga. Mna uwezo wa kutia sahihi mbili halali kabisa, na hamna masharti ya kuzibandika. Salio mnaliona mtandaoni kama mtu anavyoiona meli nje ya bandari.

Haya, shingo upande, nikubali mawili. Maneno ya vifaa vyote vitatu yakiwapo, pochi inajengeka upya bila kitu kingine, mradi mlitumia njia ya kawaida ya kuzalisha funguo, m/48'/0'/0'/2', na mnakumbuka idadi ya sahihi. Na anwani ambayo mmeshawahi kutoa pesa humo, masharti yake yameshaanikwa hadharani. Ila ni ya anwani hiyo moja tu, haiwasaidii kwa nyingine.

Kinachotakiwa kutunzwa pamoja na maneno ni deskripta, yaani maandishi yanayoeleza masharti ya pochi nzima. Ukitumia Sparrow, programu ya pochi ya kompyuta, unafungua pochi mpya, unachagua sahihi nyingi, unasogeza kitelezi kwenye 2/3, skripti (aina ya masharti) P2WSH, ile ya anwani za bc1q, kisha unaingiza vifaa kimoja kimoja kwa USB, memori kadi au QR. Ukimaliza, inakupa PDF yenye deskripta na QR yake. Humo mna xpub tatu (funguo kuu za umma, moja ya kila kifaa), kila moja na njia yake na kitambulisho cha herufi nane. Ni maandishi ya herufi zaidi ya 400, kwa hiyo msijaribu kunakili kwa mkono. Yanaishia na alama ya # na herufi nane za kuhakikisha. Zikikatika mwishoni, mjue nakala haikukamilika. Chapeni nakala tatu kwa printa ya leza, kwa kuwa wino wa printa ya kawaida unachuruzika ukiguswa na unyevu. Kila nakala ikae na seti moja ya maneno. Ndiyo, atakayeiokota ataona salio lenu lote. Kuiba hawezi. Mimi naona afadhali anichungulie.

Maneno yenyewe, jamani, karatasi ya daftari? Katika mji huu ambao kitasa kinaota kutu kabla fundi hajamaliziwa chake? Kateni vipande vya chuma cha pua, mgonge kwa nyundo na mihuri ya herufi. Herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha, maana katika orodha ya Kiingereza ya maneno 2,048 ambamo vifaa huyachagua hakuna mawili yanayofanana nne za mwanzo.

Mengine kwa ufupi. Tatu kwa tatu, yaani kutaka sahihi zote, ni kujinyonga kwa kamba ya mkonge. Vifaa vitatu vya kiwanda kimoja vina udhaifu mmoja. Kifaa kilichofika na maneno yameshaandikwa, rudisheni. Coldcard na BitBox02, aina mbili za vifaa hivi, hutaka pochi isajiliwe ndani yake; msipuuze, ndipo kifaa kinapoweza kuhakikisha kwamba anwani ya chenji (inakorudi pesa iliyobaki mkilipa) ni yenu. Faili la PSBT, yaani muamala ambao sahihi hazijatimia, linaweza kwenda Muheza kwa WhatsApp likatiwe sahihi ya pili, ila huyo wa Muheza asome kiasi na anwani kwenye kioo cha kifaa, si cha simu. Ada itakuwa juu kidogo, kwani kila ingizo (fungu la pesa mnalotumia) lina ukubwa wa kama vbaiti 105 badala ya 68 za pochi ya mtu mmoja. Na wa kunikumbusha tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lililokataza sarafu za mtandaoni, nimelisoma. Simshawishi mtu kununua.

Kabla hamjaweka cha maana, ingizeni satoshi 20,000, vile visenti vya bitkoini. Futeni kifaa kimoja, mkirudishe kwa kile chuma. Kingine kifungieni droo kama kimepotea. Chukueni kompyuta ambayo haijawahi kuiona pochi hiyo, ingizeni deskripta kutoka kwenye karatasi, kisha toeni zile satoshi kwa vifaa viwili vilivyobaki. Anwani ya kwanza lazima ifanane na ya mwanzo herufi kwa herufi. Mkiona inaanza na 3, mmechagua skripti siyo. Ikianza na bc1q lakini mkia ni mwingine, kagueni njia na xpub ya kila kifaa. Mpangilio wa vifaa msihangaike nao, sortedmulti, amri iliyomo kwenye deskripta, inazipanga funguo yenyewe.