Mguu Usiofika Chini

Ukitaka kujua umri wa mtoto anayeendesha pikipiki, usimwangalie usoni. Mwangalie anavyopanda. Huku kwetu vijijini Tabora, mtoto wa miaka 12 hapandii pikipiki palipo tambarare. Anaikokota mpaka kwenye kichuguu au kwenye mzizi wa mwembe, anasimama juu yake, ndipo anavusha mguu. Akishapiga kiki na kuingiza gia anakuwa dereva kama wengine, tena mwepesi, na sisi watu wazima tunamsifu kwamba kijana kakua. Shida inakuja kwenye kusimama, maana miguu haifiki chini. Mwisho wa safari anatafuta kichuguu kingine, au anaruka pembeni huku kang'ang'ania usukani.

Nimeyaona hayo miaka mingi, na kwa miaka mingi sikuona ubaya wake. Leo nasema bila kumung'unya maneno: mtoto ambaye hajafika miaka 14 asiendeshe pikipiki wala toyo, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, iwe barabarani, iwe shambani kwa baba yake. Na akikutwa juu yake, wa kujibu awe mwenye ufunguo. Nasema hivi kwa sababu mwaka juzi mwenye ufunguo nilikuwa mimi.

Ulikuwa msimu wa vitalu. Waliolima tumbaku wanajua vitalu vinavyotesa: miche inataka maji asubuhi na jioni, na ni miezi ileile ambayo visima vya karibu vimekauka. Dada yangu na mume wake wanalima Uyui, na maji wanayafuata lambo, mwendo wa kilomita tatu hivi. Nilikuwa nimetoka mjini kuwasalimia. Pikipiki ya shemeji ilikuwa kwa fundi. Mpwa wangu, mwenye miaka 13 wakati huo, akaja akaniamkia, kisha akasema, "Mjomba, naomba ufunguo niwahishe maji kitaluni."

Nikamuuliza, "Unaiweza?"

Akacheka. "Ya baba naendesha tangu niko la tano."

Nikampa.

Alifunga madumu manne ya lita 20, mawili kila upande, kwa mipira. Hesabu yake nilikuja kuipiga baadaye: hizo ni kilo 80 za maji, kwa mtoto ambaye mwenyewe hajafika kilo 40, juu ya chombo chenye zaidi ya kilo 100. Safari ya kwanza alirudi. Ya pili alirudi, tukiwa tunakula, na baba yake akasema, "Huyu sasa ni mwanaume." Safari ya tatu alikuwa anateremka kwenye mchanga wa mto mkavu, ng'ombe wakamkatizia njia. Akafunga breki. Mtu mzima hapo angetua mguu, angesubiri ng'ombe wapite, angeendelea. Yeye alishusha mguu wa kulia na mguu haukukuta kitu. Pikipiki ikamlalia upande huo, madumu yakamkandamiza paja, na bomba la moshi likakaa kwenye kigimbi chake mpaka wachungaji walipofika kuinyanyua.

Nilipofika alikuwa hajaanza hata kulia. Aliniangalia akaniambia, "Mjomba, nisamehe, taa imevunjika."

Paja lilikuwa limevunjika juu kidogo ya goti. Alilala wodini wiki sita, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, dada yangu akilala sakafuni chini ya kitanda na kumlisha uji na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyotoka nayo nyumbani. Daktari alitueleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilijua kati yetu. Mfupa wa mtoto una sehemu karibu na ncha zake ambako ndiko unakokulia. Ukiumia pale, unaweza kuunga vizuri kabisa na bado ukaacha kukua sawasawa na mwenzake. Leo mpwa wangu anasoma, anatembea, anacheka. Anachechemea.

Dada hakunilaumu hata siku moja. Shemeji alisema, "Ajali haina kinga," na wazee waliokuja kutupa pole wakaitikia. Mimi ile methali ilinikwama kooni na imenikwama mpaka leo. Radi haina kinga kwa mchungaji aliye porini. Hii ilikuwa na kinga, tena nyepesi, ilikuwa mfukoni mwangu.

Watu husema sheria ipo. Ni kweli ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimpi leseni ya gari mtu wa chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ile isiyomdhuru afya wala kumkosesha shule, na inakataza kabisa kumpa mtoto kazi ya hatari. Kilo 80 juu ya magurudumu mawili kwenye mchanga si kazi nyepesi kwa lugha yoyote.

Lakini trafiki anakaa kwenye lami. Watoto wanalijua hilo kuliko sisi. Ukisimama asubuhi ya siku ya mnada pale njia za vumbi zinapokutana na barabara kuu, utaona mtoto anasimama kwenye mwembe wa mwisho, anashuka, anamkabidhi kaka yake usukani na yeye anakaa nyuma kama abiria. Wanavuka, wanafika mnadani, jioni wanabadilishana tena palepale. Kwetu sheria ya nchi inaanzia lami inapoanzia, na mpwa wangu hakuwahi kuikanyaga lami hata kwa mita moja.

Nilipoanza kuuliza wenzetu wa kwingine wanafanyaje, nilikuta Wamarekani wamebishana jambo hilihili kwa miaka zaidi ya 30. Wao chombo chao ni ile mashine pana ya matairi manne manene, ya kuendeshea mashambani na porini, ambayo baadhi yetu tumeiona ikiendeshwa na watalii. Nayo haikai barabarani, kwa hiyo hoja ya wazazi kule ilikuwa kama ya shemeji yangu: hili ni shamba langu, huyu ni mwanangu. Mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa kwamba mashine yenye injini ya zaidi ya cc 90 haitauzwa kwa ajili ya mtoto wa chini ya miaka 16. Chama cha madaktari wa watoto cha huko kinashikilia miaka hiyohiyo 16. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria mwaka 2010 ikiwakataza watoto wa chini ya miaka 14 kuziendesha, na nyuma ya sheria hiyo walikuwa wazazi waliomzika mtoto wao wa miaka minane.

Piga hesabu na sisi. Pikipiki ndogo kabisa zinazozunguka huku ni za cc 100, nyingi ni 125 na 150. Kwa kipimo kile cha Wamarekani, hakuna pikipiki hata moja kijijini kwa dada yangu ambayo mtoto wa miaka 15 angeruhusiwa kuikalia.

Makubaliano yale ya 1988 yalikuwa na jambo jingine lililonigusa zaidi: mashine za magurudumu matatu zilikoma kuuzwa kabisa, kwa sababu zilikuwa zinapinduka. Huku toyo ndiyo tunayomkabidhi mtoto mapema kuliko vyote. Tunasema inasimama yenyewe, haimwangushi. Kweli, ikisimama haianguki. Ikikata kona ni habari nyingine. Pikipiki inalala pamoja na kona, ndivyo inavyojishikilia. Toyo hailali. Ukiijaza tofali au marobota mpaka juu, kwenye kona tairi la ndani linanyanyuka, na dereva mwenye uzito wa gunia nusu hawezi kulirudisha chini kwa kuegemea. Mtu mzima anapunguza mwendo kabla ya kona kwa sababu ameshaona toyo ikipinduka. Mtoto anakuwa ndiyo kwanza anaiona, na yeye yuko juu yake.

Hata kule sheria haikumaliza kazi. Watoto waliendelea kufa juu ya mashine za watu wazima, kwa kuwa muuza duka anaweza kukataa kumuuzia mtoto, lakini haendi kulinda uani kwa mzazi. Ndiyo maana narudi kwa mwenye ufunguo.

Sasa naomba nisikilize upande wa pili, maana si upande wa wajinga. Zahanati iko mbali. Usiku mmoja, kijijini kwa dada, kijana wa miaka 15 alimpakia mama mwenye uchungu akamfikisha kituo cha afya, na mama na mtoto wote wapo hai. Sitamwambia kijana yule alikosea. Baba amesafiri, pikipiki ipo, mtu anakufa: yeyote anayeweza kuiwasha aiwashe. Lakini tusiufiche mzigo wetu wa kila siku nyuma ya usiku ule mmoja. Maji ya kitalu si mama mwenye uchungu. Kuni za kupeleka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, mkaa, mahindi ya kusaga, hayo yote yanaweza kungoja mtu mzima.

Wapo pia wanaosema sisi wenyewe tulijifunza tukiwa wadogo. Tulijifunza baiskeli, tena ya baba, tukipitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti hatukifikii. Baiskeli ile ilituangusha mara ngapi, tukachubuka magoti, tukanyanyuka. Haikuwa na injini ya kuendelea kusukuma baada ya sisi kuanguka.

Na lipo kundi ambalo siwezi kulizungumzia kwa upole. Ni wale wenye vyombo wanaompa mtoto deiwaka, yaani kibarua cha kuendesha kwa siku badala ya dereva mwenyewe. Nimewaona vijiweni siku za mnada, dereva mwenyewe kalala, chombo kiko kwa mtoto aliyeacha shule, kapakia mshikaki wa watu watatu, kofia ngumu ya mtu mzima inamzunguka kichwani kama sufuria. Hesabu anayopeleka jioni ni ileile ya mtu mzima. Kilichopungua ni posho yake tu. Mtoto hapewi kazi ile kwa sababu anaiweza. Anapewa kwa sababu ni rahisi. Kofia inayomkaa vizuri mwendeshaji inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Ile inayozunguka haina kazi, na hakuna bosi niliyemwona akimnunulia deiwaka kofia ya saizi yake.

Tunaweza kufanya nini bila kumngoja trafiki aje huku kwenye mchanga? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakiruhusu kijiji kujitungia sheria ndogo, ikijadiliwa na wananchi na kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Tunazo tayari za mifugo na za miti. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi ya mtu, anayelipa ni mwenye ng'ombe. Hatujawahi kumtoza faini ng'ombe, wala mtoto aliyekuwa anachunga. Basi pikipiki nayo iwe hivyo. Mtoto akikutwa anaendesha, mtendaji asimkimbize mtoto, maana mtoto akikimbizwa ndipo anapoanguka. Aende jioni nyumbani kwa mwenye chombo, kwa utulivu, na kitabu cha risiti.

Chini ya 14 iwe hapana. Kuanzia 14 ajifunze, na mtu mzima akiwa pale anamwona, bila mzigo na bila abiria. Abiria asubiri mpaka 18. Wengi wetu watoto hawana vyeti vya kuzaliwa, hilo nalijua, na wazazi wataongeza miaka. Kwa huyo wa kujifunza napendekeza kipimo ambacho hakuna anayeweza kukighushi: apande palipo tambarare, mbali na kichuguu, akae kwenye kiti, na soli za miguu yote miwili zikanyage chini. Zisipokanyaga, arudi mwakani.

Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa nitakwenda, nimeshamwambia shemeji. Alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia atakaa karibu yangu, ila nisimwite mtoto mbele za watu kuonyesha mguu. Nimemkubalia.

Maji ya vitalu mwaka huu yanavutwa na punda wa jirani, kwa kukodi. Safari moja inakula karibu saa mbili, na dada analalamika kila jioni. Miche imeota.