Sina Haraka

Baiskeli ya kwanza ilitupita pale Kange. Nikanyamaza, Tanga baiskeli ni nyingi na vijana wana miguu. Ya pili ilitupita karibu na Pongwe, na aliyeiendesha ni mzee wa rika la babu yangu, nyuma kafunga tenga la dagaa.

"Shikamoo mzee," nikasema kwa aibu.

"Marahaba wanangu. Mmebeba saruji?"

Hatukubeba saruji. Nilikuwa na mke wangu na kapu la vitumbua, tunakwenda harusini Muheza. Gari lenyewe ni la zamani, la kabureta. Likisimama linanguruma vizuri, ila ukikanyaga mafuta linaguna, linakohoa, linatoa moshi mweusi, na mwendo unabaki ule ule wa bibi harusi.

Nilishahangaika nalo wiki nzima. Fundi wa Ngamiani alisema plagi. Nikanunua nne, siku mbili tu, nyeusi tii. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Nikabadilisha. Jirani yangu, ambaye hajamiliki hata toroli, akaninong'oneza: "Hii Tanga, bwana. Gari lako limefungwa." Nilimcheka, lakini siwafichi, usiku ule nililizunguka na tochi nikitafuta hirizi nyuma ya bampa.

Pale Pongwe likazima kabisa. Fundi mmoja chini ya mwembe akachomoa plagi, akaipitishia kidole gumba, akanionyesha masizi.

"Petroli inaingia tele, hewa hakuna. Gari lako linakabwa, kaka. Nani kafungua ea klina mara ya mwisho?"

Tumbo likanicheza. Niliifungua mimi mwenyewe, Jumamosi, kuipuliza vumbi. Ili wadudu wasiingie kwenye domo la hewa, nilichana kipande cha dekio lililokuwa kambani, nikakisokomeza humo. Mara ikaadhiniwa adhuhuri, nikafunga kila kitu, nikakimbilia msikitini.

Fundi akaingiza vidole viwili, akavuta taratibu. Kikatoka kitambaa, vumbi tupu, chenye pindo la korosho nyekundu. Akakikung'uta, akakitandaza juu ya boneti, akasoma kwa sauti:

"SINA HARAKA..."

Hapo ndipo kilipochanikia. Vijana wa pale mwembeni wakagaragara kwa kicheko. Fundi mwenyewe ilibidi akae chini.

Mimi sikucheka, maana mke wangu alikuwa ameshashuka garini. Lile halikuwa dekio. Ni kanga yake aliyoletewa na mama mkwe, na tangu Jumamosi kawanunia watoto wa jirani, yule yule wa hirizi, akiamini ndio walioichana. Na mimi nilikuwa nimemuunga mkono! Akakichukua kipande, akakikunja mara nne, akakitia mkobani.

Gari likawaka, likaondoka kama limetoka melini jana. Tulimpita yule mzee, akatupungia. Mke wangu kimya mpaka tunaingia Muheza, ngoma inasikika, ndipo akaniuliza kwa upole kabisa:

"Baba watoto, unajua ile kanga ilikuwa inamaliziaje?"

"Hapana."

"'Sina haraka, zamu yako yaja.'"