Karibuni Bamvua Beach

Haya, nimechoka. Tangu Idi pili usiku simu inaita kama nimefiwa na kila anayepiga anaanza kwa kucheka, kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, maana ile stori anayoisambaza jamaa yangu mwenye gari ina chumvi kuliko bahari yenyewe. Yeye anasema nilikutwa baharini uchi wa mnyama. Sio kweli. Nilikuwa nimevaa saa.

Mnanijua mimi na Coco Beach sikukuu hatupatani. Siku za kawaida poa tu, unakula mihogo yako na pilipili, unaangalia meli zilizotia nanga kule mbali, unaondoka zako. Lakini Idi? Idi huoni mchanga, unaona vichwa. Watoto wamepotea wanalia na maputo mkononi, wazazi wao nao wamepotea ila wao wanakula mishikaki, spika sita zinapiga nyimbo sita, na joto la Machi la Dar mnalijua, hata kivuli kinatoka jasho. Na zile bichi za kulipia za Kigamboni nako siku hizi ni yaleyale, unatoa kiingilio ukasimame kama uko kwenye daladala.

Ndo nikaandika stetasi, na wengi wenu mliisoma kwa sababu mmenirushia tena mara mia: "Kabananeni Coco, sisi wengine tunazijua fukwe."

Hiyo "tunazijua fukwe" iwekeni pembeni, tutairudia. Mimi ni mtu wa Kondoa. Mito yetu kiangazi ni mchanga mtupu, unavuka na viatu umevaa na ukitaka maji unachimba. Ila nimekaa Dar miaka tisa, kanzu ninayo, kobasi ninazo, "yakhe" najua kuitamka, basi nikajiona mswahili wa pwani kamili.

Tukaenda wanne. Mwenye gari, mkewe ambaye ndo shem wangu, mimi, na dada mmoja simtaji kwa sababu anasoma hapa. Niseme tu kwamba safari yote ilipangwa kwa ajili yake, na miezi mitatu nilikuwa natafuta nafasi ya kuongea naye mahali pasipo na kelele. Shem kapika pilau ya Idi hotpoti nzima. Tukavuka, tukaipita Mjimwema, tukafika Gezaulole, na hapo mimi nikajifanya tour guide nikawaeleza kwamba hilo jina ni Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Dada akasema, kumbe unajua mambo. Nikavimba. Jamani, kijiji kizima kimeitwa jaribu uone na mimi nikapita hapohapo nikitabasamu.

Mbele kidogo tukakata njia ya mchanga katikati ya minazi, na ufukwe wenyewe sitausema, sio siri, ni aibu. Saa tano asubuhi. Hakuna mtu. Narudia, hakuna mtu hata mmoja! Na bahari haipo. Yaani imeondoka, imekwenda kule mbali imebaki kama mstari, hapa katikati ni uwanja wa mchanga na vidimbwi vya maji ya uvuguvugu na vikaa vinakimbia upandeupande. Katikati ya huo uwanja, kama mita mia mbili kutoka kwenye minazi, kuna jabali limekaa kama uyoga, juu pana, chini limelika pande zote, kivuli safi cha watu wanne. Nikasema hapa ndo VIP.

Sasa nataka muone nilichokiona na nikakipuuza. Mchanga chini ya lile jabali ulikuwa umeloa. Saa tano, jua lile, mchanga umeloa! Na kwenye jabali lenyewe, usawa wa kifua changu mpaka juu ya kichwa, chaza wameganda wengi wamebanana kama abiria wa Coco, wengine bado wanadondosha maji. Dada akauliza, hawa wamefikaje huku juu? Nikamjibu, na Mungu ananisikia, nikamjibu: "Wanapanda usiku."

Tukatandika mkeka. Akapita bibi mmoja anatoka kuchokoa pweza, kijiti mkononi, pweza wawili begani, kanga moja kaifunga kiunoni nyingine kaitupia kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Ndo mnakaa hapo?"

"Ndio bibi, tumepapenda, pametulia."

Akalitazama jabali, akaitazama bahari kule mbali, akanitazama mimi. "Mh. Bamvua hili, wanangu."

"Ahsante sana bibi!" nikamjibu kwa furaha, nikamgeukia dada: "Umesikia? Hapa panaitwa Bamvua."

Msicheke bado. Yule mwenye gari naye katokea Urambo, hajui kitu, akapiga picha ya mkeka na hotpoti akaandika "Tuko Bamvua Beach, nyie endeleeni kukanyagana." Ile picha ipo mpaka leo, ina komenti arobaini na kitu za watu wa Tanga na Mafia wanacheka tu bila kueleza, na sisi tukadhani wanatuonea wivu.

Tukala. Pilau ilikuwa pilau kweli, siwezi kuisema vibaya marehemu. Baada ya hapo wenzangu wakataka kutembea ufukweni kupiga picha, nikasema nendeni mimi nalinda vitu, kumbe tumbo ndo lilikuwa limeamua. Nikavua kanzu nikaikunja nikaifanya mto, simu ndani ya mfuko wa kanzu, nikabaki na boksa. Kuhusu ile boksa naomba tuelewane mapema: ni ya zamani, mpira wake ulishalegea tangu mwaka jana na huwa naifunga fundo kwa pembeni. Nani alijua siku hiyo itatazamwa? Nikasikia adhana ya adhuhuri kwa mbali kwenye minazi, nikasema nitaamka sasa hivi. Nikalala.

Kwanza niliota niko nyumbani mama anaosha vyombo. Chubwi, chubwi. Kisha nikaota nimejikojolea. Ile aibu ya ndotoni ndo ikaniamsha, nikafungua macho, na kitu cha kwanza kukiona duniani ni kobasi langu la kushoto linapita mbele ya pua yangu taratibu, halina haraka, linakwenda zake. La kulia lilishatangulia. Nikainuka, kichwa paa kwenye jabali. Maji yako magotini. Nageuka kushoto bahari, kulia bahari, nyuma kule ilipokuwa minazi kuna minazi sawa, ila kati yangu na hiyo minazi kuna bahari! Na hotpoti, imefungwa vizuri kabisa na shem, inaelea inazungukazunguka kama jahazi linatafuta upepo, inaelekea Komoro na pilau ya watu wanane.

Kanzu sikuiona. Simu ilikuwa ndani ya kanzu.

Mtu mwenye akili hapo angetembea tu mpaka ufukweni. Mimi nilipiga hatua mbili, mguu ukaingia kwenye shimo maji yakafika kwapani, nikarudi kwenye jabali nikapanda. Lile jabali sasa ni uyoga, chini limelika, kwa hiyo unapanda kama mjusi kwenye dari, halafu wale chaza nilisema wanapanda usiku wana makali kama wembe, nilikatwa sehemu ambazo nesi alipouliza nimeumiaje nilisema pikipiki. Nikafika nusu. Mkono wa kulia umeshika jabali. Mkono wa kushoto umeshika boksa, kwa sababu boksa ikiloa inakuwa na uzito wa gunia na lile fundo lilishafunguka lenyewe.

Hapo nikapiga kelele. Nilipiga kelele ya Kondoa, ile ya kuitana kutoka kilima mpaka kilima, "Jamaniii!" na nilipofumbua macho nikaona minazi inatoa watu. Sijui walikuwa wapi. Saa tano hakukuwa na kiumbe, sasa wanatoka tu, watoto na suti zao za Idi na miwani ya plastiki, wamama wamevaa mpya, wazee na kofia zao za vito, mmoja kaja na kiti! Kijiji kizima kilikuwa kimekaa nyuma ya ile minazi kinakula Idi yake kwa utulivu. Mimi nimewakimbia watu wa Coco, nikaletewa wa kwangu peke yangu, na wote wanatazama upande mmoja. Na kwenye mstari wa mbele kabisa, mwenye gari kainua simu, shem kashika kichwa, dada kaziba mdomo kwa mikono miwili.

Basi wimbi likaja. Sio kubwa. Nililiona linatoka mbali, linakuja polepole, na nikawa na muda wa kufikiri kabisa, kwamba likifika nitahitaji mikono miwili kushika jabali, na ninayo miwili, ila mmoja una kazi. Nikawatazama watu. Nikamtazama dada. Nikaitazama boksa, tumetoka mbali mimi na yeye. Wimbi likafika.

Nilichagua jabali.

Kelele iliyotoka ufukweni sijawahi kuisikia hata siku ya Simba na Yanga.

Kilichofuata ni haraka tu. Wakaja madogo wawili wa miaka kama kumi, mmoja na miwani yake ya Idi hajaivua, wanatembea. Jamani wanatembea! Kuna njia ya mchanga ulioinuka, maji yanawafika kifuani wao, kwangu ni kiunoni. Yule wa pili kabeba kanga kichwani isilowe, imetoka kwa yule bibi wa pweza. "Anko jifunge hii, tushikane mikono." Nikajifunga, nikashikwa mikono na watoto wawili, nikapelekwa mbele ya umma kama bwana harusi.

Bibi akaniambia neno moja tu: "Nilikwambia." Mzee mwenye kiti ndo akanifafanulia, na wa bara wenzangu sikilizeni. Maji yanajaa na kupwa kila siku, ila mwezi ukiandama na ukiwa mpevu yanakwenda mbali sana na kurudi juu sana, hilo ndo bamvua, na mwezi wa tatu ndo huwa baya zaidi. "Juzi mlikuwa mnautafuta mwezi," akasema, "mmeuona, mmekula pilau. Mlidhani kazi yake imeisha?" Yaani Idi pili ni bamvua kila mwaka, ipo kwenye kalenda, na mimi nimefunga siku zote za Ramadhani sijajiuliza.

Kurudi, mwenye gari angeweza kupita Daraja la Nyerere tukafika kimya. Akapita pantoni. Makusudi! Na pantoni mnajua, abiria mnashuka mnapanda kwa miguu, anabaki dereva tu. Kwa hiyo mimi, kifua wazi, kanga, pekupeku, katikati ya watu wote wa Idi waliokuwa wanarudi mjini. Nilijikaza. Nikasimama karibu na dada nikaanza kuongea habari za hali ya hewa. Nyuma yangu nikasikia msichana anasoma kwa sauti, polepole, kama yuko darasa la pili: "Ja-po... si-pa-ti... ta-maa... si-kati."

Jina la kanga. Lilikuwa limekaa matakoni.

Dada akageuka akalisoma mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye chuma cha pantoni na gauni lake jipya, na watu wasiotujua nao wakacheka.

Simu nimenunua ya tochi, ndo maana sijawajibu. Kanzu imepatikana, ilinasa kwenye mtego wa samaki. Bibi kanipigia kupitia kwa mwenye gari anataka kanga yake kwa sababu doti imebaki kipande kimoja, kasema nije Jumapili hii bila wasiwasi, bahari itakuwa maji mafu, yaani haiendi mbali sana wala hairudi juu sana. Dada kasema na yeye anakuja, sijui kwa nini, sijauliza.

Mwenye gari kashaweka stetasi: "Jumapili tuko Maji Mafu Beach. Nafasi chache."