"Bado kidogo" na miradi yetu ya programu

Wiki iliyopita nilikula sato mgahawani Kirumba na developa mmoja kijana, mwandishi wa programu hodari kweli kweli, akanirushia kauli ambayo nimeisikia kwa sura nyingi hapa Mwanza: meneja wa mradi asiyeweza kuandika msimbo, yaani maagizo inayoyafuata kompyuta, ni abiria aliyekaa kiti cha nahodha. Anapiga domo, anaitisha vikao, anajaza ripoti. Kazi wanafanya wengine. Kusikiliza, kuongea na watu, kusuluhisha, mambo ambayo siku hizi kila tangazo la ajira linayadai, kwake ni pambo la wasiojua kazi.

Jina lenyewe limechangia. Tumeziita "stadi laini", na mjini hapa ukitaja laini mtu atakuuliza ya mtandao gani. Sijapata jina bora, ila ulaini wa kazi yenyewe sijauona.

Nimtendee haki kwanza. Juni 4, 1996 roketi ya Ariane 5 ilivunjika angani chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu programu ilijaribu kuibana namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16. Namba haikuenea, kompyuta za kutambua mwelekeo zikazima, roketi ikapinda. Hapo hata meneja awe na ulimi wa asali asingesaidia kitu. Mfumo mbovu haubembelezwi. Ingawa (siwezi kujizuia) programu ile ilirithiwa kutoka Ariane 4, roketi yenye mwendo tofauti, na haikujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya. Mahali fulani watu walikaa wakakubaliana kwamba haina haja.

Sasa nisimulie langu. Miaka michache iliyopita nilisimamia mradi wa mfumo wa kurekodi dagaa kwenye mialo kadhaa upande wa Ilemela. Mteja simtaji. Timu ilikuwa ya watu watano, wote wazuri. Mtumbwi unafika alfajiri, karani anaingiza idadi ya ndoo kwenye simu, mwenye mtumbwi anapata ujumbe na malipo yake. Tukaongeza kanuni moja ya usalama: mtumbwi usioleta mzigo siku saba mfululizo unahesabiwa umeacha kazi, na akaunti yake inafungwa mpaka ofisi iifungue. Tukaujaribu mfumo kipindi cha giza, ukaenda vizuri, tukapongezana.

Kisha mwezi ukapevuka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikitawala taa haivuti kitu, na wavuvi hupumzika, wakashona nyavu na kuziba mitumbwi. Giza liliporudi, akaunti karibu zote zilikuwa zimefungwa. Alfajiri hiyo nilisimama mwaloni, simu ya karani ikiandika "mtumbwi haupo" kwa kila mtumbwi uliokuwa mbele ya macho yetu, dagaa wakichuruzika maji kwenye mabeseni, na mama mmoja mnunuzi akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Baba, si mngeuliza tu? Mwezi ukiwa mkubwa nani anakwenda ziwani?"

Msimbo ulifanya sawasawa kile tulichouagiza. Ukiukagua leo hutapata kosa.

Lililoniuma zaidi nililijua baadaye. Mdogo wetu kwenye timu amezaliwa Ukerewe, baba yake mvuvi. Alijua. Siku tunapitisha kanuni ile alikuwepo, kaka zake wa kwenye timu wakaongea Kiingereza cha haraka, na mimi mwenyekiti nikafunga mjadala kwa kuwa muda ulikuwa umetuishia. "Niliona wakubwa mmeshaamua," aliniambia. Taarifa tuliyoikosa ilikuwa mle mle chumbani, imekaa kiti cha mwisho karibu na mlango.

Mradi ukachelewa, mteja akafanya wanachofanya wateja: akaongeza watu. Watano wakawa kumi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta kubwa za kampuni ya IBM, miaka ya 1960, alishaonya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, huku akikiri kwamba anarahisisha mambo kupita kiasi. Kauli hiyo wengi wanaijua. Hesabu iliyo nyuma yake ndiyo nadhani hatuiogopi vya kutosha. Watu watano wana jozi 10 zinazohitaji kuelewana. Watu kumi wana jozi 45. Mishahara imeongezeka mara mbili, nafasi za kutoelewana zimeongezeka mara nne na nusu. Wakifika 15 ni jozi 105. Na ndani ya kila jozi kuna jambo linaloweza kusemwa nusu: nani anabadilisha jedwali la malipo, tarehe inaanza na siku au na mwezi, "ndoo" ni ya lita ngapi. Wa kuwaelekeza wageni, tena, ni walewale waliokuwa wakiandika msimbo, kwa hiyo wiki mbili za kwanza za msaada ni wiki mbili za kusimama.

Utaniambia si lazima kila mtu aongee na kila mtu: gawa timu, wekeni mipaka, andikeni makubaliano. Kweli kabisa. Lakini nani anaamua mpaka upite wapi, na nani anawakalisha pamoja watu wawili wasiosalimiana tangu Jumatatu? Kwetu walikuwepo wawili wa hivyo. Kila mmoja aliandika sehemu yake ya malipo, kila sehemu ikafanya kazi peke yake, zilipounganishwa mvuvi mmoja akalipwa mara mbili. Niliwachukua wote wawili tukaenda kunywa chai kando ya ziwa, bila kompyuta, saa moja na nusu. Rafiki yangu wa Kirumba angeiita domo.

Halafu kuna hili neno letu, "bado kidogo". Tom Cargill wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alilitania jambo lenyewe kwa hesabu: asilimia 90 ya kwanza ya msimbo hula asilimia 90 ya muda, na asilimia 10 iliyobaki hula asilimia 90 nyingine. Kwetu utani huo umechanganyika na adabu. Kumpelekea mkubwa habari mbaya kunafanana na kumvunjia heshima, hivyo mradi unakwenda vizuri kwenye kila ripoti mpaka siku ya uzinduzi, mgeni rasmi ameshaketi. Mtu hakusudii kudanganya, anastahi. Meneja anayeuliza "umefikia wapi?" atapewa bado kidogo yake. Anayesema "hebu nionyeshe, maana mimi mwenyewe niliharibu ile ya mwezi" anapewa ukweli, tena mapema, wakati bado unarekebishika kwa nusu siku.

Wenzetu wenye vyombo vya anga wamepitia hayo hayo. Septemba 1999 NASA walipoteza Mars Climate Orbiter, chombo kilichotumwa sayari ya Mars, kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya nguvu vya pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Hadithi kwa kawaida huishia hapo, ikawa somo la vipimo. Kinachoachwa ni kwamba waongozaji wa safari walishaona njia ya chombo haikai sawa. Wasiwasi wao ukazunguka kwa mazungumzo na barua pepe, haukupandishwa rasmi palipostahili.

Upande wa pili una hoja moja inayonikosesha usingizi, na wala siyo ya Ariane. Stadi hizi hazina mizani, na kisicho na mizani huamuliwa kwa sura. Kwenye usaili, "anajua kuwasiliana" mara nyingi maana yake anaongea Kiingereza bila kusita na kucheka utani wa bosi. Yule wa Ukerewe angefeli usaili huo. Waongeaji nimewaona wakipanda vyeo huku mfumo umelala. Na meneja asiyejua chochote cha ufundi hawezi kutofautisha bado kidogo ya saa mbili na bado kidogo ya miezi miwili; atasikiliza vizuri sana asielewe alichosikia. Kwa hiyo nakubali, nahodha aijue injini inavyonguruma ikiwa na shida. Kuifungua mwenyewe si lazima.

Ila kijana anachanganya kuongea na kusikilizana. Mtu aliyefunga mjadala siku ile ya kanuni ya siku saba alikuwa mwongeaji mzuri tu.

Kanuni yenyewe tuliiondoa kwa kufuta mistari minne. Kikao kilichofuata tulikifanya kwa Kiswahili, na nikamwomba mdogo wetu wa Ukerewe aanze. Akasema ndoo yetu ya lita 20 haifai kuwa kipimo: karani mmoja anasawazisha, mwingine anajaza mpaka kilele, na wavuvi wanajua nani ni nani. Tulibishana mpaka saa nane mchana. Siku hiyo hakuna aliyeandika msimbo hata mstari mmoja.