Gazeti nalo liwekwe wakfu

Bibi yangu aliacha nyumba ya ghorofa moja Mji wa Kale, Mombasa, yenye milango miwili ya maduka chini yake. Aliiweka wakfu kabla mama hajaolewa. Kodi ya maduka hulipia maji na taa za msikiti wa mtaa, kinachobaki huenda kwa watoto wa chuo cha Kurani. Wajomba wameizungukia, wanunuzi wamepiga hodi na pesa mkononi, na nyumba ipo palepale. Haiuzwi, hairithiwi, hapewi mtu zawadi. Mutawalli huisimamia tu, naye akifa hushika mwingine.

Nimeikumbuka sana nyumba ile hapa Manchester, ninakoishi mwaka wa kumi na moja sasa, tangu nilipotaka kujua mwenye gazeti la The Guardian ni nani. Lilizaliwa mji huu mwaka 1821, na hakuna tajiri wala ukoo unaoweza kusimama leo ukasema ni letu.

Kisa chake ni cha msiba. C. P. Scott alilihariri miaka 57, na tangu 1907 akawa mmiliki wake pia. Alifariki Januari 1932. Aprili ya mwaka huohuo mwanawe Edward, aliyemrithi kiti cha uhariri, akazama katika ziwa Windermere. Akabaki nduguye, John. Aliona wazi kwamba naye akiondoka, kodi ya mirathi ingelimaliza gazeti au lingenunuliwa na yeyote mwenye fedha. Basi mwaka 1936 akazitoa hisa zote kwa amana, chombo kinachoshika mali kama mutawalli anavyoshika wakfu, yeye na wanawe wasiwe na haki ya mali juu yake tena. Wakili wake, Gavin Simonds, alimwonya kwamba kujivua mali namna hiyo ni jambo linalochukiza sheria ya Kiingereza. Nilipolisoma hilo nilisimama. Lililomshangaza wakili mkubwa wa London, kwetu pwani bibi yangu alilifanya, na hakusoma zaidi ya juzuu.

Amana hiyo, Scott Trust, tangu 2008 imesajiliwa kama kampuni, lakini masharti yake yanakataza kutoa gawio, yaani kuwagawia faida wenye hisa. Faida ikipatikana hurudi kwenye kazi ya habari. Mwaka 2014 waliuza hisa zao zilizobaki katika Auto Trader, biashara ya matangazo ya magari, wakapata zaidi ya pauni milioni 600, na fedha hizo zikaenda kwenye mfuko wa kulitunza gazeti. Amana ndiyo inayomteua mhariri mkuu, na agizo lake kwake ni moja tu: aliendeshe kwa njia ileile na moyo uleule wa tangu zamani.

Hilo agizo moja ndilo linaloniuma. Kabla sijasafiri niliandikia gazeti moja la nyumbani, silitaji jina. Nilileta habari ya visima vya kijiji kimoja vilivyoingia maji machafu ya kiwanda. Wiki tatu nilikuwa naenda na kurudi, kina mama wakinionyesha ndoo. Usiku wa kwenda mitamboni mhariri aliniita pembeni, macho chini, akasema mwenye gazeti amepiga simu. Kiwanda kile ni mtangazaji wetu. Ukurasa ukajazwa tangazo la sabuni. Sikumlaumu mhariri, ana watoto. Lakini wale kina mama waliningoja.

Watu wengine husema dawa ni serikali. Tanzania walijaribu. Februari 1970 Mwalimu Nyerere alitaifisha gazeti la The Standard, akawa yeye mwenyewe mhariri mkuu wake, akaliandikia mwongozo ulioliruhusu kukosoa. Nauheshimu mwongozo ule. Ila mwaka uliofuata Frene Ginwala, mhariri aliyeliendesha, akaondolewa, na 1972 gazeti likaunganishwa na lingine kuwa Daily News. Uhuru uliotolewa na mkono mmoja, mkono huohuo unaweza kuuchukua.

Sisemi amana haikosei. Hapa Manchester wenyeji bado wana donge la Manchester Evening News, gazeti jingine la amana hiyo, ambalo faida yake ndiyo iliyolibeba The Guardian miaka mingi, kisha likauzwa mwaka 2010. Na Desemba 2024 waandishi waligoma, wakipinga The Observer, gazeti lao la Jumapili, kuuzwa, na likauzwa vilevile. Amana hulinda kile ilichoandikiwa kulinda, na ndiyo maana maneno ya mwanzo yapimwe kama dhahabu. Lakini pia ni amana hiyohiyo iliyoagiza wanahistoria wachunguze fedha za waanzilishi, wakakuta zimefungamana na pamba iliyolimwa na watumwa, na mwaka 2023 ikaomba radhi hadharani. Niambieni ni mmiliki gani kwetu angelipia uchunguzi wa babu yake.

Mwaka uleule aliofariki Scott, 1932, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Al-Islah mjini Mombasa, gazeti la kuwaamsha watu wa pwani. Halikudumu. Mji ulikuwa umejaa nyumba na mashamba ya wakfu, kwa msikiti, kwa maskini, kwa mwenye kiu, wala sijasikia kwamba lilipata hata mlango mmoja wa duka wa kulilipia karatasi.

Mwezi uliopita nilimpigia simu sheikh aliyenisomesha, nikamuuliza kama inajuzu kuweka wakfu kwa ajili ya gazeti. Akaniuliza litaandika nini. Nikamweleza ile habari ya visima. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, aliyechimba kisima tunamwombea. Na aliyewaambia watu wasinywe sumu?" Kisha akanitaka nimletee masharti kwa maandishi, ayasome na wenzake.

Ninayaandika. Nina duka moja Kongowea, Mombasa, nililonunua kwa mshahara wa usiku wa hapa. Kodi yake haifiki kuendesha gazeti, lakini inatosha kumlipa mwandishi mmoja. Nimeshaweka sharti la kwanza: mimi na wanangu tusiwe na neno juu ya kitakachoandikwa.