Vitabu vikae stoo au darasani?

Majengo mengi ya shule za msingi Tanzania yana ramani ileile: madarasa mawili na ofisi ya walimu katikati. Stoo haimo, kwa hiyo ofisi ndiyo inageuka stoo: vitabu hadi dirishani, maboksi ya chaki chini ya meza, majembe na ndoo nyuma ya mlango. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, watoto wameongezeka na kila chumba kinachopatikana kinadaiwa kiwe darasa. Mwalimu mkuu anayeomba stoo, huku chumba cha wanafunzi 45 kikibeba 90, anajua kamati itamjibu nini.

Wanaotaka vitabu vyote vikae pamoja chini ya kufuli wana hoja nzito. Kitabu cha serikali kina mtu wa kukijibia kikipotea. Madarasa mengi hayana dari, madirisha ni nondo na wavu tu, mvua ya upepo inaingia. Mchwa nao hawangoji likizo iishe.

Ila hebu tazama upande wa mwalimu wa darasa la pili. Kipindi chake ni dakika 30. Anatuma watoto wawili wakachukue vitabu, wanakuta ufunguo anao mwalimu wa taaluma, naye yuko darasani kwake anafundisha. Hilo likimkuta mara mbili tatu, anaacha kutuma na kuandika kila kitu ubaoni. Vitabu vinabaki vipya, na watoto hawajui kusoma. Hasara hii inaniuma kuliko ya kitabu kilichochanika kwa kushikwashikwa.

Kwa hiyo naegemea kabati la kujengewa ukutani darasani, lenye milango na komeo. Gharama yake ni nafasi, na tusiifiche: kabati lenye kina cha sentimita 40 kwenye ukuta wa nyuma wa mita 7 linakula karibu mita 3 za mraba, yaani madawati mawili hivi, watoto sita. Likichukua nusu ya ukuta, tunapoteza dawati moja. Mafundi wa Lamu walichonga zidaka, yaani vishimo vya kuwekea vitu, ndani ya kuta nene za mawe bila kugusa sakafu. Tofali la inchi 6 haliruhusu hilo, lakini nafasi kati ya nguzo na nguzo inaweza kutumika, mradi fundi aambiwe kabla ya kujenga.

Mabegi ni rahisi zaidi. Chumba cha makoti kama cha shule za Ulaya hatukihitaji, hata Makete kwenye baridi ya Juni. Ubao mmoja wenye vigingi chini ya madirisha unatosha kwa sweta, mabegi na chupa za maji, na njia kati ya madawati inabaki wazi.

Mitihani, karatasi na majembe vibaki ofisini kwa kufuli. Vitabu vya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) viwe darasani, na ufunguo awe nao mwalimu wa darasa.