Bakini na muziki wenu!

Kuna wasomaji wa Rolling Stone, lile jarida la muziki la Marekani, wananichosha. Jarida likiweka msanii kwenye jalada, wanalalamika: mbona nusu uchi, huyu naye anajua kuimba? Likichambua uchaguzi wa Marekani, wanawaka zaidi: bakini na muziki wenu, siasa haziwahusu!

Haziwahusu tangu lini? Toleo la kwanza kabisa, Novemba 1967, lilikuwa na John Lennon, mwanamuziki wa Beatles, kavaa kofia ya chuma ya askari. Picha ilitoka kwenye filamu inayodhihaki vita, na wakati huo vijana wa Marekani walikuwa wanakufa Vietnam. Mwaka 1972 jarida likamtuma mwandishi wake Hunter S. Thompson kufuata kampeni za urais za McGovern na Nixon, mwaka mzima. Kwa hiyo anayesema "siku hizi wameharibika" amechelewa miaka hamsini na zaidi.

Kukasirikia jalada si kosa, jamani. Mwaka 2013 walipoweka sura ya mshukiwa wa mabomu yaliyolipuliwa kwenye mbio za marathoni za Boston, kapigwa picha kama nyota wa roki, hata maduka kadhaa yalikataa kuliuza. Hasira ile naielewa. Kulikuwa na watu waliopoteza miguu.

Lakini huyu anayeapa hanunui tena kwa sababu mgombea wake kaguswa? Mwezi ujao yuleyule, kwa barua ndefu zaidi, anaapa upya. Na kurasa zote kazisoma, hadi matangazo. Angeguswa mgombea wa wenzake, angelisifu jarida kwa ujasiri wake.